Darubini Juu ya Kaburi Langu

Kaburi langu liko upande wa kulia wa mlango wangu, pale mwanamume wa kwetu anapozikwa. Lina sakafu ya saruji laini, iliyonyooshwa kwa pima maji, na katika yote ambayo ndugu yangu mkubwa amewahi kunifanyia, hilo kaburi ndilo pekee alilolifanya vizuri. Najua, kwa sababu kila jioni isiyo na mawingu ninalipanda, ninasimamisha darubini yangu juu yake, na miguu mitatu ya darubini haitikisiki hata kidogo.

Ndani hakuna mtu. Kuna yago, tunda la ule mti wa porini unaoning'iniza matunda marefu, magumu, mazito kama mguu wa ndama. Kwetu mtu akipotelea ziwani au shimoni na mwili usipatikane, huzikwa yago badala yake, na vilio, na ng'ombe, na hotuba, ili roho yake isitangetange ikiwasumbua waliobaki. Ni desturi nzuri kwa mtu aliyekufa. Mimi sikuwa nimekufa. Nilikuwa nimelala zahanati upande wa pili wa mpaka wa Tanzania, mguu umevunjika, kitambulisho sina, na ulimi hautoi neno.

Nitasema ilivyokuwa na nitasema nani alifanya nini. Majina siandiki, mke wangu amenikataza. Lakini kazi ya mtu nayo ni jina, na ukiwa wa Ndhiwa utawajua wahusika wote watatu kabla hujamaliza kusoma.

Wa kwanza ni mwenye shimo. Tulikuwa tunamchimbia dhahabu upande wa Migori, kwa nyundo na patasi, tukifuata mstari wa mwamba chini kwa chini. Paa la njia yetu lilishikiliwa na magogo. Wiki ile alifungua shimo jipya na hakutaka kungoja magogo mengine yakatwe, akaagiza yetu yang'olewe yapelekwe kule. Nikamwambia mbele ya watu, "Mzee, unang'oa nguzo za nyumba na sisi tuko ndani." Akanijibu, "Ukiogopa, nenda ziwani ukauze omena." Watu wote wakacheka. Na mimi nikacheka. Hicho kicheko changu sijakisamehe mpaka leo.

Tulishuka wanne asubuhi. Paa lilishuka kabla ya chakula cha mchana. Wenzangu watatu sikuwasikia tena.

Siku ya pili, nadhani ni ya pili maana kule hakuna siku, nilisikia mashine inanguruma juu. Nikasema wametufikia. Nikagonga mwamba kwa nyundo mpaka mpini ukavunjika. Kumbe hawachimbui, wanafukia. Mwenye shimo alikuwa amesema hakuna aliye hai na harufu itawaletea watu maradhi. Ila hakutaka kufukia peke yake. Alitaka jamaa wa kila mmoja wakubali. Upande wangu aliyekubali ni ndugu yangu mkubwa, tumbo moja na mimi. Alichovya kidole gumba kwenye wino akakibandika kwenye karatasi ya kukubali. Huyo ni wa pili. Wa tatu ni naibu wa chifu wa wakati huo, aliyeandika barua kwamba nimekufa bila kuona hata kiatu changu, na kwa barua hiyo ndugu yangu akapata cheti cha kifo chenye muhuri.

Mimi nilitoka kwa njia ya wachimbaji wa zamani. Nilitambaa nikiuburuta mguu mpaka nikafika chini ya shimo lililoachwa siku nyingi, ambalo halikuchimbwa wima, limelala kama ngazi, na mwisho wake juu nikaona nyota moja. Watu wa kanisa nikifika hapa wanataka niseme niliomba. Sikuomba. Niliwaza tu kwamba nyota ikionekana, tundu lipo. Nikaanza kupanda kwa viwiko. Asubuhi mchunga ng'ombe akanikuta kwenye nyasi akanipakia kwenye mkokoteni wa punda, akanipeleka kwa watu wake ng'ambo ya mpaka. Huyo simjui jina, na ndiye pekee ningependa kumtaja.

Ilipita karibu mwezi kabla sijaweza kusema kwetu ni wapi. Nikarudi na magongo mawili, nyuma ya bodaboda. Ndugu yangu alikuwa amechuchumaa kando ya nyumba yangu na ubao wa kulainishia saruji mkononi. Aliniangalia, akaiangalia saruji, akaniangalia tena. Kisha akakimbilia langoni, si kunipokea. Kunizuia.

"Omera, ndugu yangu, usiingie."

"Hapa ni kwangu."

"Palikuwa kwako. Umeshazikwa. Mtu aliyezikwa akipita hili lango anawaletea watoto kifo. Ni kwer, unajua mwenyewe ni mwiko."

"Nani amekufa?"

"Wewe."

"Na unaongea na nani?"

Kijana wa bodaboda aliteremsha mfuko wangu, akageuza pikipiki na kuondoka bila kudai chochote. Nadhani mpaka leo anasimulia kwamba alibeba pepo.

Aliyenitoa pale langoni ni mke wangu. Mke wangu ni Mkuria, mimi Mjaluo, nyumbani tunaongea Kiswahili kwa kuwa hicho ndicho tulichokutana nacho katikati. Walipozika yago, walimletea wembe anyolewe kama mjane. Akawauliza, "Nilie nini? Tunda?" Wakasema ana kiburi. Siku ile alitoka jikoni na mwiko wa ugali mkononi, akampita shemeji yake kana kwamba anapita kisiki, akaushika mfuko wangu.

"Baba watoto, ingia ukule. Ugali inapoa."

Nikaingia.

Hakuna mtoto aliyekufa. Lakini tangu hapo mimi ni marehemu mwenye kula. Kwenye vikao vya ukoo sipewi kiti. Kuna harusi moja msemaji alisimama akasema, "na marehemu ndugu yetu, ambaye angefurahi kuiona siku hii," na mimi nimekaa hapo na sahani ya wali. Nikanyoosha mkono nikasema nimefurahi. Hawakucheka, na mimi sikutaka wacheke.

Hayo ningeyavumilia. Lililobaki ni shamba. Ardhi yote ilikuwa bado kwa jina la marehemu baba, na tulisikia watu wa ardhi watakuja kupima na kumpa kila mwana hati yake. Aliyekufa hapimiwi. Sehemu yangu, kuanzia nyumba mpaka kule mwisho tunakopakana na watu wa Lambwe, ingeandikwa jina la ndugu yangu, na kile cheti cha muhuri kingetosha. Nilikwenda ofisi baada ya ofisi. Kila mahali naambiwa lete jamaa wa karibu athibitishe wewe ndiwe. Jamaa wa karibu ni nani? Ni yule yule. Nilimwomba mara moja. Alisema, "Siwezi kusema uongo mbele ya mila." Sikumwomba tena.

Darubini niliipata sokoni Migori, kwa muuza mitumba, kati ya pasi mbovu na viatu vya mguu mmoja. Bomba refu jeupe, kioo mbele, kijibomba cha kuchungulia nyuma chenye kona, na miguu mitatu ya bati. Muuzaji aliona vidole vyangu, akajua ni mchimbaji.

"Mzee, hii ndiyo dawa yako. Inaona dhahabu chini ya ardhi."

"Mimi nimetoka huko chini," nikamwambia. "Nataka ya kuangalia upande ule mwingine."

Tulibadilishana kwa redio yangu na baiskeli. Mke wangu alininunia siku tatu, na alikuwa na haki, maana baiskeli ndiyo iliyokuwa ikibeba maji.

Ikawa shida. Mikono yangu hainitulii. Sisi tuliosha vumbi la dhahabu kwa zebaki, mikono mitupu, miaka mingi, hakuna aliyetuambia kitu, na sasa nikishika kikombe chai inamwagika. Nikigusa bomba tu, nyota inarukaruka kama panzi. Nikalisimamisha kwenye majani, miguu ikazama. Kwenye udongo wa barazani, mtu akipita ndani nyota inakimbia. Nilihangaika jioni nyingi nikitukana. Ni mke wangu aliyesema, akichambua mboga bila hata kuinua kichwa:

"Si upande pale kwa mwenzako. Pale pamenyooka."

Nikaona anatania. Kisha nikaona hatanii. Nikapanda. Nilining'iniza katikati ya miguu mfuko wenye jiwe, kipande cha mwamba nilichokuwa nimekikumbatia siku ya kupanda kutoka shimoni, nikaviringa kile kigurudumu cha kusawazisha macho, nikaondoa mkono, nikangoja. Nyota ikatulia tuli kama msumari. Nilikaa kwenye kigoda juu ya kifo changu, na nitasema ukweli, nilijisikia vizuri.

Mwanzoni niliangalia mwezi kama kila mtu. Halafu nikaipata ile nyota. Mwezi wa kumi, jua likishazama na giza kushika, tazama kaskazini, upande wa Homa Bay, inua shingo. Utaona nyota zimejipanga msalaba, ila kwetu huku msalaba huo umepinduka, kichwa chini, mguu juu. Ile ya mguuni kwa macho ni nyota moja, ya kawaida, wala haikuiti. Ielekezee bomba. Ni mbili.

Kubwa ni ya manjano, ndogo ya buluu. Sisemi kidogo manjano, kidogo buluu, kama watu wanavyosema wakitaka kukufurahisha. Kubwa ina rangi ya dhahabu yenyewe, na hapo usinibishie, macho yangu yamefanya kazi hiyo. Kuna mawe yanayong'aa kama dhahabu juani, ukiyaweka kivulini yanazima. Dhahabu ya kweli hata kivulini ni ile ile. Hiyo nyota ni ya kivulini. Na mwenzake ni kama moto wa jiko la gesi ukipunguzwa kabisa. Nikagundua pia kwamba ukiharibu kidogo usawa wa kioo, zikavimba zikawa kama punje mbili za mahindi, rangi inazidi.

Nilimwita mke wangu. Alikuja akipangusa mikono, akainama, akafumba jicho moja.

"Hii kitu ni mbili!"

"Ndiyo."

"Na moja ni kama chupa ya dawa." Akainua kichwa akaangalia mbinguni kwa macho matupu, akarudi kwenye bomba, akainua tena. "Sasa hawa watu wote wanaona moja?"

"Wote."

"Wajinga," akasema kwa furaha.

Aliuliza simu yake, ikamwambia ziko nyingi za namna hiyo, na tukaanza kuzitafuta, kila msimu na zake. Iko moja inayochomoza upande wa mashariki msalaba ukianza kulala, rangi ya papai bivu na kijinyota cha buluu kimegandamana nayo mpaka ni lazima usipumue. Ziko mbili nyeupe tupu kwenye msalaba ule mwingine, wa kusini. Hizo mke wangu anasema ni za watu wasio na hamu. Kuhusu ile ya kwanza simu ilisema hata wataalamu hawajakubaliana kama hizo mbili zinafungamana kweli, au ziko mbalimbali na sisi ndio tunaoziona karibu.

"Kama wewe na shemeji," akasema.

Shemeji mwenyewe alikuja jioni moja siku chache kabla ya watu wa ardhi. Alisimama nje ya kivuli cha nyumba, kofia mkononi. Ni mzee wa kanisa la Wasabato, Jumamosi hakosi kiti cha mbele, lakini mbele ya hilo kaburi anavua kofia.

"Shuka hapo."

"Hapa wapi?"

"Unakanyaga kaburi."

"La nani?"

"Unajua ni lako."

"Basi mwenyewe ameruhusu."

Mke wangu alicheka ndani ya nyumba, sauti ikatoka mpaka nje. Ndugu yangu akaikunja kofia mkononi. Alisema majirani wanaogopa, kwamba bomba lile ni la uchawi, nazungumza na waliobaki shimoni. Alisema ng'ombe wake mmoja ameharibu mimba. Alisema nikihama nikaenda kuishi kwa kina mke wangu, yeye atanisaidia kubeba vitu. Nikamwambia vitu vyangu ni vingi, kimojawapo ni hili shamba, aje na kamba ndefu.

"Nitakupeleka kwa chifu," akasema.

"Nipeleke."

Na akanipeleka. Hapa ndipo nataka usome polepole.

Asubuhi ya pili yake mzee wa kijiji aliniletea karatasi. Mimi niliishia darasa la nne, nasoma kwa kidole. Nilisoma majina yangu, yote matatu, halafu neno mshtakiwa, halafu kwamba ninaitwa nifike ofisini kujibu lalamiko la kusimama juu ya kaburi na kuweka bomba. Nilikasirika nikataka kuichana. Mke wangu akaninyang'anya. Akaisoma mara mbili, midomo ikicheza, kisha akakaa chini.

"Baba watoto. Maiti haiitwi kwa ofisi."

Nikamwangalia.

"Shemeji amekushtaki," akasema. "Wewe. Amekuandikisha."

Yule naibu wa chifu wa zamani alishahamishwa. Wa sasa ni mama kijana, si wa kwetu, anaongea Kiswahili na kila mtu ili asidanganywe. Ofisi ilijaa, na waliokosa nafasi walisimama madirishani. Ndugu yangu alikuwa amevaa koti, na ndani ya koti, ili kuonyesha kwamba kaburi ni kaburi kweli na lina heshima yake, alibeba kile cheti. Alikitoa mwenyewe na kukiweka mezani. Hakuna aliyemwomba.

"Mlalamishi," mama akasema, kalamu tayari, "unamshtaki nani?"

Akataja jina langu.

"Yuko wapi?"

"Si huyo hapo, madam. Mwenye magongo."

Akaandika. "Na kaburi analosimama ni la nani?"

Ndugu yangu akakiangalia cheti pale mezani.

"La ndugu yangu."

"Ndugu gani?"

"Huyo huyo!" mtu akapiga kelele dirishani, na ofisi nzima ikaanguka kwa kicheko.

Mama hakucheka. Alikichukua cheti, akalisoma jina, akasoma alichoandika kitabuni, akaweka kidole kimoja hapa na kingine pale.

"Mzee, nani amekufa?"

"Kwa mila, madam, mtu akishazikiwa yago—"

"Ya mila nimesikia, naheshimu. Nauliza ya kitabu. Nimeshaandika uliyemshtaki. Nifute niandike hayuko? Nikifuta, hakuna kesi, nenda nyumbani, na yeye apande kaburi akitaka. Nikiacha, basi yuko, na hii karatasi yako ni ya uongo. Chagua."

Nilimwangalia ndugu yangu kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, usoni kabisa. Anazeeka. Masikio yake ni ya baba. Angeweza kusema futa. Alikuwa anajua, na mimi nilikuwa najua, kwamba angesema futa angebaki na cheti, na mimi ningebaki na darubini. Lakini alikuwa amenichukia sana juu ya kile kigoda, jioni baada ya jioni, nikiangalia juu kana kwamba yeye hayuko.

"Andika," akasema. "Yuko. Anasimama pale kila siku, kila mtu anamwona."

Mama akaandika kwamba mshtakiwa amefika mwenyewe, na kwamba mlalamishi, ndugu wa tumbo moja, amemtambua mbele ya watu. Akapiga muhuri. Nikaomba nakala. Akanipa, nikaikunja vizuri.

Kesi ya kaburi niliagizwa nisiweke bomba siku za matanga ya watu wengine. Nimekubali, hilo ni la adabu. Kufuta cheti kunaendelea, na najua ofisi zetu, kutaendelea. Lakini watu wa ardhi walipokuja nilikuwa nimesimama mpakani tangu asubuhi na ile nakala ndani ya mfuko wa nailoni. Yule wa kupima akaisoma, akaniuliza, "Ni wewe?" Nikasema ni mimi. Akanipa ncha ya utepe niishike. Upande wa pili wa utepe alikuwa ndugu yangu. Tuliuvuta ukanyooka.

Wazee wamekuja baadaye wakasema basi, yago lifukuliwe, litupwe porini, nifanyiwe utakaso, saruji ivunjwe, tusahau. Nimekataa. Nitasahau nini, na mwenye shimo anachimba bado, kwa magogo ya nani sijui? Wale watatu walioshuka na mimi jamaa zao walizika yago pia, na wao hawakurudi kulalamika. Saruji inabaki. Siku nitakapokufa kweli watatafuta mahali pengine, shamba ninalo.

Juzi, jua lilipozama, ndugu yangu alikuja tena akasimama pale pale, kofia mkononi. Mke wangu ndiye aliyekuwa kwenye bomba. Ndugu yangu akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua:

"Mnaona nini huko?"

"Panda uone," nikamwambia.

Akaangalia saruji yake. Akainua mguu, nikaona, kweli aliuinua, kisha akaurudisha.

"Ishushe hapa chini, niangalie."

"Hapo chini inatikisika," nikasema, nikarudi kwenye kigoda, nikashika zamu yangu.